Salamu Maria Nne kwa Dakika

Mtoto mchanga hapumui sawasawa. Hilo nilijifunza kwa hofu kabla sijaambiwa na mtu. Binti yangu alipokuwa na wiki mbili nilimlaza kitandani kwetu pale Butembo, nikamwinamia, nikaona kifua chake kinakwenda mbio, mbio, mbio, kisha kinasimama. Kimya. Nikamshika mguu ili nimtikise, naye akavuta pumzi tena kana kwamba hakuna kilichotokea. Nililia mpaka maziwa yakanitoka yenyewe na kulowesha kitenge.

Siku ya kupima kilo nilimweleza muuguzi wa kituo cha afya, mwanamke mrefu, mtulivu, ambaye hakuinua sauti hata watoto ishirini walipolia pamoja. Alitabasamu. Alisema watoto wachanga wote ndivyo walivyo: wanakimbia, wanapumzika kidogo, wanakimbia tena. Midomo ikigeuka rangi, au pumziko likawa refu hata wewe mwenyewe ukamaliza pumzi kwa kumngojea, hapo mlete. La sivyo, kalale, mama.

Kalale! Ilikuwa rahisi kwake kusema.

Mimi ni mtoto wa Maniema, wa Kindu, mahali ambapo jasho linakuamsha asubuhi na mto hauko mbali. Mume wangu alikuwa mfanyakazi wa serikali, na serikali ilipokuwa bado ina nguvu ya kutuma watu, ilimtuma kwanza Beni. Beni nilipaweza. Kulikuwa na joto, kulikuwa na wake wa wafanyakazi kutoka kila jimbo, tukitwanga sombe, majani ya muhogo, pamoja na kusemana vibaya kwa furaha. Kisha tukapandishwa Butembo, kwenye vilima vyekundu, ukungu na baridi ya kukaza vidole. Huko hapakuwa na mtu hata mmoja wa kwetu. Mtoto alikuwa na miezi mitatu habari zilipokuja kwamba kaka yake mume wangu amefariki Goma. Akaenda kuzika. Alisema ni wiki moja tu.

Barabara ikafungwa Kanyabayonga. Upande ule jeshi moja, upande huu jeshi lingine, na katikati yao malori yaliyooza na kabichi ndani. Kati ya majeshi hayo hakuna hata moja lililokuwa letu. Niseme mapema, msomaji asikae akimngojea mlangoni kama nilivyokaa mimi: mume wangu alirudi, baada ya zaidi ya mwaka, amekonda, mzima. Lakini katika haya ninayosimulia hayupo.

Tulikuwa tukisemezana kwa phonie, ile redio ya mawimbi iliyowekwa katika nyumba moja karibu na soko. Ulipanga foleni, ukaingia, ukashika chombo, na watu wote waliokuwa nyuma yako walisikia mambo ya nyumba yako. Sauti yake ilinifikia imefunikwa na makelele kama mafuta yanayokaanga. Kila mmoja alimaliza kwa kusema à vous, yaani zamu yako.

"Mutoto anaendelea? À vous."

"Anaendelea. À vous."

"Na weye? À vous."

Nijibu nini? Mwanamke atamwambia vipi mumewe kwamba kitanda kimekuwa kikubwa, mbele ya wafanyabiashara sita wanaongoja kuuliza habari za chumvi, na amalize kwa kusema à vous? Nilisema naendelea vizuri. Nilirudi nyumbani nimekasirika, na sikujua nimemkasirikia nani.

Majirani hawakuwa watu wabaya, nisiwasingizie. Walikuwa Wanande, wakulima na wachuuzi, na kila nyumba ilikuwa na bibi, mashemeji, wakwe na watoto wa watu. Waliniletea viazi na vitunguu majani bila kuombwa. Lakini walipokuwa wakizungumza kwa Kinande kwenye ua, nami nikasogea, waligeuza maneno kuwa Kiswahili kwa heshima yangu, na mazungumzo yakawa mafupi papo hapo. Habari, nzuri, baridi leo, ndiyo, baridi. Kisha kila mtu akakumbuka kazi yake. Waliniita Mama Maniema. Heshima ya namna hiyo inachosha.

Nami nina kiburi, sikatai. Wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nilijipa mwenyewe tangu siku ya kwanza, na sikutaka mtu aone nimelishika vibaya. Sikuomba moto, sikuomba mtu anibebee mtoto hata nilipokwenda kuchota maji. Jirani wa karibu kabisa alikuwa mjane mzee niliyemwita Mukaka, ndivyo Wanande wanavyomwita bibi. Aliishi na mke wa mwanawe. Mwana mwenyewe alikuwa Manguredjipa akichimba dhahabu. Kati ya nyumba yao na yangu kulikuwa na ua wa miti myembamba tu. Niliwasikia wakikohoa, wakicheka, wakisali rozari jioni. Walinisikia pia, bila shaka, ingawa mimi sikuwa na cha kusikika.

Mvua zilipoanza, watoto wengi wa mtaa walishikwa na kikohozi. Dawa zilikuwa zikija kwa shida, na njia ya kufika kituoni siku nyingine ilifungwa na askari. Muuguzi aliona heri kila mama ajue mwenyewe ni kikohozi gani cha kukaa nacho nyumbani na ni kipi cha kukimbia nacho. Siku ya kupima kilo akatukalisha kwenye mabenchi, akamchukua mtoto mmoja aliyelala, akamfunua tumbo.

"Mutazame hapa, hapana kwa uso," akasema. "Tumbo inapanda, inashuka, ni moja. Munahesabu dakika muzima, hapana nusu. Mutoto mwenye hayatimiza miezi mbili, akifikisha makumi sita, mumulete. Wa miezi mbili mpaka mwaka moja, akifikisha makumi tano. Wa mwaka moja mpaka mitano, makumi ine. Donc mutoto anakomaa, pumuzi inapunguka."

Akaonyesha kwa kidole chini ya mbavu. Pale pakiingia ndani kila mtoto anapovuta pumzi, alisema, msikae kuhesabu tena, mje. Akikataa ziwa, mje. Akilegea hata haamki vizuri, mje.

Mama mmoja akauliza, dakika tutaitoa wapi? Tukacheka wote, maana lilikuwa swali la kweli. Saa za mkono zilipendwa sana na askari. Aliyeivaa barabarani alikuwa kama anayewaita. Saa za ukutani zilikuwa zimekufa kwa kukosa betri. Katika mabenchi yale yote saa ilikuwa moja tu, ya muuguzi, nayo aliificha ndani ya soksi akienda nyumbani.

Ndipo akina mama wa parokia wakatoa shauri lao. Wao walikuwa wakisali rozari kila siku, na mwendo wao ni ule ule, padri awepo asiwepo. Muuguzi akatoa saa, akawaambia wasali. Wakasali, mmoja akianza, wengine wakijibu, na dakika ilipotimia walikuwa wamemaliza Salamu Maria nne. Akawajaribu tena. Nne. Mara ya tatu, nne. Muuguzi mwenyewe alishangaa, akapiga makofi.

"Basi, muko na saa," akasema. "Mutu moja aanze, mwingine ajibu, mama ahesabu."

Mimi si Mkatoliki. Kanisa letu Kindu halina Salamu Maria, na mama yangu angesikia ninaisali angeniuliza nimelogwa na nani. Lakini nilikaa kwenye benchi nikayashika maneno, midomo ikitembea. Mke wa mwanawe Mukaka, aliyekuwa pembeni yangu, aliniona.

"Eh, Mama Maniema! Sasa utakuwa mukatolika juu ya kikohozi!"

Benchi zima lilicheka, nami nikacheka. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya majuma mengi, na mbavu ziliniuma kama za mtu aliyerudi shambani baada ya kuugua. Kitu kimoja sikuuliza. Mutu moja aanze, mwingine ajibu, mama ahesabu: hao ni watu watatu. Nyumba ya Butembo haikosi watu watatu. Yangu ilikuwa na mmoja na nusu. Ningeinua mkono niseme nini? Kwamba sina watu? Nilifunga mtoto mgongoni nikaondoka.

Nyumbani nilitafuta njia yangu. Nilijaza bakuli maharagwe, nikalaza mtoto baada ya kunyonya, nikamfunua kidogo tu kwa sababu ya baridi, na kila tumbo lilipopanda nikahamisha punje moja kutoka bakulini hadi kwenye mapaja yangu. Huku mkono ukifanya hivyo, mdomo ukasali. Nilianza, nikajibu. Nilianza, nikajibu. Salamu Maria nne zilipokwisha nilihesabu maharagwe. Mara ya kwanza nilipata ishirini na kitu, mara ya pili vilevile, na nikamsifu mtoto wangu kwa kupumua vizuri kuliko wote wa Butembo. Sikujiuliza kwa nini.

Nitasema jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Nilipenda kazi ile. Mtoto alikuwa mzima, hapakuwa na haja ya kuhesabu, lakini kila jioni nilitoa bakuli. Sehemu ya kuanza nilisema kwa sauti yangu. Sehemu ya kujibu nilisema kwa sauti nzito kidogo. Nyumba ikawa na watu wawili wanaosemezana, na mtoto alisikiliza huku akigeuza macho, akimtafuta yule wa pili.

Alikuwa na miezi saba alipoanza kukohoa. Mvua ilinyesha siku tatu, ukungu ukaingia hadi chini ya kitanda. Nilimvisha sweta juu ya sweta na kofia ya sufu, nikamzungushia blanketi, nikaingiza mbabula, jiko la makaa, chumbani ili apate joto. Sisi watu wa nchi ya joto tunaiogopa baridi kuliko askari. Moshi ulikuwa mdogo, kwa macho yangu. Homa ikapanda. Nikatoa bakuli, nikasali, nikahesabu blanketi likipanda.

Arobaini na mbili.

Chini ya hamsini. Nikashusha pumzi. Kesho yake asubuhi arobaini na nne. Bado chini. Alishika ziwa, akanyonya mara mbili tatu, akaliachia ili apumue, akalishika tena. Macho yangu yaliona hilo. Lakini nilikuwa na namba, na namba niliipenda, kwa sababu asubuhi hiyo milio ya bunduki ilisikika upande wa kilima, soko halikufunguliwa, na barabarani hapakupita mtu isipokuwa mbuzi wa mtu fulani aliyekatika kamba. Namba chini ya hamsini ilimaanisha naweza kukaa ndani. Niliogopa kutoka peke yangu na mtoto, hilo ndilo lenyewe. Nikasali tena, nikapata arobaini na tatu. Nikasali tena.

Nilikuwa katikati ya Salamu Maria ya tatu mlango uliposukumwa. Mukaka hakuwa na desturi ya kubisha.

"Wabukire," akasalimu kwa Kinande, akasimama hapo ukungu nyuma yake. "Mama Maniema, unasali aje hivi? Kama mutu mwenye askari banafukuza."

"Sisali, Mukaka. Ninahesabu pumuzi ya mutoto."

"Nani anaanza?"

"Mimi."

"Nani anajibu?"

"Mimi."

Akatazama bakuli. "Na maharagi?"

"Ni mimi vilevile, Mukaka."

Nilitegemea atacheka. Hakucheka. Aliingia, akaisukuma mbabula kwa mguu mpaka nje, akarudi akasimama juu yangu.

"Ile sala haiko ya mutu moja," akasema. "Mwenye kuanza anasema yake, ananyamaza, anapumuzika, mwingine anajibu. Ule akimaliza, naye anapumuzika. Weye, unapumuzikaka wapi?"

Alitoka, akaita kwa Kinande juu ya ua, na mkwe wake akaja mbio akiwa bado na unga wa muhogo mikononi. Wakakaa chini, mmoja upande huu wa kitanda, mwingine upande ule. Mukaka akaanza.

Walisali kwa Kinande, sikufahamu hata neno, ila jina la Maria. Lakini mwendo niliusikia. Mukaka alisema sehemu yake bila haraka, akafika mwisho, na hapo kukawa na kimya kidogo, kama nafasi ya mtu kuweka mzigo chini. Kisha mkwe akajibu. Kisha tena kimya. Na katika nafasi hizo zote mtoto wangu alikuwa anapumua. Punje zilihama, zilihama. Salamu ya tatu ilipokwisha, mapaja yangu yalikuwa tayari na maharagwe mengi kuliko nilivyozoea kwa zote nne. Nilitaka kuwaambia waongeze mwendo. Nilidhani wananichelewesha makusudi, nikawachukia, nasema kweli, niliwachukia wote wawili kwa ule upole wao. Maharagwe mengine yakaanguka sakafuni, na mkwe wa Mukaka aliyaokota huku akijibu.

Tulihesabu pamoja. Sitini na nne.

"Mais hapana!" nikasema. "Mimi nilipata makumi ine na tatu sasa hivi. Tuanze tena."

"Hapana kuanza tena," Mukaka akasema. "Umutoshe nguo."

"Kuko baridi, Mukaka."

"Umutoshe nguo, mama."

Nikafungua blanketi, sweta, sweta la pili. Sikuwa nimemwona mtoto wangu kifua kizima tangu siku mbili. Kila alipovuta pumzi, pale chini ya mbavu palizama, pakatoka, pakazama. Pua zake zilikuwa zinapanuka. Nilikuwa nimeonyeshwa jambo hilo kwa kidole, kwenye benchi, na bado nilikaa naye ndani ya nguo zangu nyingi nikimhesabia dakika fupi.

Mkwe alibaki kulinda nyumba zote mbili. Mukaka alichukua fimbo yake, mimi nikamfunga mtoto kifuani, si mgongoni, ili nimwone, tukateremka kuelekea kituoni. Matope yalikuwa ya kuvua viatu. Maduka yote yalikuwa yamefungwa, na nilisikia viatu vyetu kwa namna ambayo mjini husikii viatu vyako. Mara moja moja mlio ulisikika mbali, na Mukaka alisimama, akasikiliza, akasema "kule", akaendelea. Nilimfuata kama mtoto.

Penye njia panda askari walikuwa wamefunga kamba. Mmoja, kijana mwenye kofia ya kusuka kichwani, alituuliza kwa Kilingala tunakwenda wapi.

"Mama, okei wapi?"

Kilingala nilikijua, Mukaka hakukijua na hakutaka kukijua. Kabla sijajibu alinishika bega, akanigeuza kwa yule askari, akafunua kitenge. Mtoto alikuwa ameanza kugumia kila anapotoa pumzi, sauti ndogo ya mtu anayeinua kitu kizito. Askari alisikia. Akateremsha kamba hadi kwenye matope, tukaivuka.

Muuguzi alikuwa peke yake na mlinzi. Alitoa saa kwenye soksi, akamfunua mtoto, akahesabu dakika nzima huku Mukaka na mimi tumebana pumzi zetu. Sitini na sita. Alimchoma sindano, akaandaa dawa, akaniambia nimkalishe wima na nimnyonyeshe kidogo kidogo, na makaa yasiingie tena chumbani. Kisha akauliza, bila ukali:

"Ulihesabu kule nyumbani?"

Nikamweleza yote. Bakuli, kuanza, kujibu, arobaini na mbili. Nilingoja anigombeze. Ningefurahi angenigombeza. Yeye alikaa kwenye ukingo wa meza akitazama sakafu.

"Nilifundisha vibaya," akasema. "Sikuwaza kama kuko mama mwenye anaikala yeye tu. Siku ya kilo nitasema: mwenye anasali peke yake, anyamaze fasi ya mwenzake. Aikale kimya mpaka ule mwingine angemaliza. Halafu aendelee."

Sijui kama alijua alichokuwa akisema. Mimi niligeukia ukuta.

Tulilala kituoni. Chumba kilikuwa na vitanda vinne na mgonjwa mmoja tu, sisi, kwa sababu watu waliogopa kutembea. Mukaka alitandika mkeka sakafuni bila kuniuliza kama namtaka. Kesho yake bunduki zilinyamaza, mkwe wake akatuletea ugali wa muhogo na sombe ndani ya kitambaa, na habari kwamba mbuzi aliyekatika kamba ameonekana. Mtoto alipumua hamsini na nane asubuhi. Baadaye hamsini na mbili. Kila muuguzi alipokuja nilisimama, na kila alipoondoka nilikaa palepale, kwenye ukingo wa kitanda, macho kwenye lile tumbo dogo. Mukaka alinisukumia chakula, nikakiangalia. Kidole kimoja hakivunji chawa, aliniambia, kula, nitamwangalia mimi. Nilisema sina njaa. Hata hapo nilikuwa bado najipa jembe.

Mchana mtoto alishika ziwa, akanyonya, hakuliachia. Nilisikia anavyomeza. Akanyonya mpaka akalala, jasho jembamba juu ya pua, na mbavu zake zikabaki mahali pake. Muuguzi akaja na saa. Akainama, akahesabu. Nilimwona midomo yake ikitembea.

"Makumi ine na moja," akasema. "Ametoka kwa hatari. Dawa aimalize, mais atakuwa muzima."

Mukaka akapiga ishara ya msalaba, akaanza kukunja mkeka wake. Mimi nilisema asante, asante, wasingya, asante, kwa lugha zote nilizonazo, na nikaanza kukusanya vitambaa. Lakini muuguzi hakuondoka. Alikuwa amesimama palepale, saa bado mkononi, ananitazama. Nilidhani nina uchafu kwenye blauzi. Nikajipangusa. Aliendelea kutazama, si usoni, bali chini ya shingo. Mukaka naye aliacha kukunja. Muda ulikuwa mrefu sana, nikaanza kuona haya.

"Makumi tatu," muuguzi akasema.

"Nani? Mutoto? Ulisema makumi ine na moja."

"Weye. Mutu mukubwa anapumua kumi na mbili, kumi na tano, akizidi sana ni makumi mbili. Na weye hukukimbia, uko umeikala hapo tangu asubuhi." Akasogea. "Unasikia homa? Kifua inauma?"

"Hapana."

"Uko na mutu hapa Butembo?"

Nilifungua mdomo nimwambie kwamba mume wangu yuko Goma, atakuja barabara ikifunguliwa, kwamba mama yangu yuko Kindu, kwamba naendelea vizuri. Hayakutoka. Tangu barabara ifungwe, hakuna mtu aliyekuwa amenitazama dakika nzima. Walinisalimu, walinipa viazi, walisikia sauti yangu kwenye phonie. Lakini dakika nzima, hapana. Nilikaa chini na mtoto mapajani nikalia kwa sauti, mimi ambaye nilikuwa najivunia kwamba ua ule haujawahi kusikia kilio changu, na Mukaka akaja akanichukua mtoto mikononi, nami nikamwachia.

Muuguzi alivuta kiti, akakaa mbele yangu, saa juu ya goti lake.

"Mutu akilia, habamuhesabie," akasema. "Lia tu, mama. Nitangoja."